Herzog, Fassbinder au Wenders: ufuate njia ya nani ukiwa huna mtaji wa filamu

Filamu fupi ya kwanza hutengenezwa kwa nguvu za marafiki. Huyu ana kamera, yule ana gari, dada wa mmoja wao anapika. Ya pili ndiyo kipimo. Marafiki wameshachoka, fundi wa sauti anadai chake, na wewe mwenyewe hujui kama uendelee peke yako, uunde kundi, au ubishe hodi kwa mwenye pesa. Nimekaa kwenye chumba cha uhariri na vijana wengi waliofika hapo, na kila mara najikuta nawasimulia habari za Wajerumani watatu: Werner Herzog, Rainer Werner Fassbinder na Wim Wenders. Wote walianzia Munich, katika miaka ileile ya 1960, wakiwa na shida ileile ya pesa. Kisha kila mmoja akashika njia yake. Anayeanza leo inambidi achague, kwa sababu njia hizi zinadai vitu tofauti kutoka kwa mtu.

Hali waliyoikuta kwanza. Baada ya vita, majumba ya sinema ya Ujerumani Magharibi yalijaa hadithi za milima, mashamba na mapenzi yasiyomsumbua mtu. Tarehe 28 Februari 1962, kwenye tamasha la filamu fupi mjini Oberhausen, watu 26 walitia saini tamko kwamba sinema ya zamani imekufa na wao wanaiamini mpya. Herzog alikuwa na miaka 19, wenzake wawili 16. Majina yao hayamo. Lakini matunda ya tamko lile waliyala wao. Mwaka 1965 ulianzishwa mfuko wa Kuratorium junger deutscher Film, wa kuwawezesha waongozaji wapya kutengeneza filamu ndefu ya kwanza. Baadaye ikaja sheria ya kusaidia filamu, na vituo vya runinga vya umma, WDR cha Cologne kikiwa mbele, vikaanza kulipia kazi ambazo wenye majumba ya sinema wasingezigusa.

Nalisema hili mapema kwa sababu neno "kujitegemea" huwapotosha wengi. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hawa aliyetoa mfukoni mwake pesa za filamu zake zote. Walichokilinda ni kauli ya mwisho: nani anaichagua hadithi, nani anawachagua waigizaji, nani anakata picha mezani. Pesa waliichukua popote ilipopatikana bila kuiuza kauli hiyo. Siku walipoiuza, tutaona yaliyowapata.

Herzog: mtu wa miguu

Alizaliwa Munich 1942 na kukulia Sachrang, kijiji cha mlimani karibu na mpaka wa Austria. Alipokuwa bado mwanafunzi wa sekondari alichomelea vyuma kiwandani zamu ya usiku, na mchana akaenda darasani. Ujira huo ndio uliolipia filamu yake fupi ya kwanza, Herakles, ya 1962. Mwaka uliofuata akaandikisha kampuni yake mwenyewe ya utayarishaji. Kamera, kwa maelezo yake, aliichukua bila ruhusa kwenye taasisi ya filamu mjini Munich na hakuirudisha, akiamini kwamba chombo cha kazi ni haki ya anayekifanyia kazi. Simshauri mtu aige hilo. La kuigwa ni mpangilio: kampuni kwanza, tena akiwa na miaka 21 tu, kabla hajawa na filamu ndefu hata moja.

Njia yake ni kuifuata hadithi mpaka mahali ilipo. Lebenszeichen, filamu yake ndefu ya kwanza, ilipigwa kwenye kisiwa cha Kos, Ugiriki. Mapinduzi ya kijeshi ya Aprili 1967 yakaikuta kazi njiani, kisha mwigizaji mkuu akavunjika mguu na upigaji picha ukasimama kwa miezi. Ilimalizika, ikatoka 1968, na ikapata tuzo ya Dubu wa Fedha kwenye tamasha la filamu la Berlin. Mara tu baada ya hapo alikuja huku kwetu: mwaka 1969 alitoa filamu ya dakika 45 kuhusu madaktari wa ndege wa AMREF wanaohudumia watu wa Kenya, Uganda na Tanzania. Kuna kipande ndani yake ambapo wanawake wa Kimaasai wanasita kupanda ngazi chache za gari la zahanati. Kamera haiwaharakishi. Ukikitazama kipande hicho unamwona Herzog anajifunza kazi yake, kungoja mbele ya kitu asichokielewa.

Kisha Aguirre, 1972, huko Peru. Bajeti yote ilikuwa kama dola 370,000, na theluthi yake ilichukuliwa na mwigizaji mkuu, Klaus Kinski, peke yake. Kilichobaki kililipia kikosi kidogo, vyelezo vya magogo juu ya mito ya Amazon na wiki chache za kushuti. Sehemu ya pesa ilitoka kwenye kituo cha runinga cha Hessen, na kwa makubaliano hayo kituo kiliionyesha filamu wakati uleule ilipoingia kwenye majumba ya sinema nyumbani, jambo lililopunguza wakata tiketi. Huko Ufaransa ndiko ilikopata watazamaji wake. Tazama biashara ilivyo: pesa ya runinga iliizaa filamu, na pesa hiyohiyo ikaifunga miguu.

Miaka kumi baadaye, kwenye Fitzcarraldo, alikokota meli ya zaidi ya tani 300 juu ya kilima msituni, kwa kamba, kapi na mamia ya watu. Mwigizaji wa kwanza, Jason Robards, aliugua wakati sehemu kubwa imeshapigwa. Mwanamuziki Mick Jagger, aliyekuwa na nafasi yake ndani ya filamu, akalazimika kuondoka. Kazi ikaanza upya na Kinski. Watu waliumia. Wenyeji Waaguaruna waliikataa kambi ya kwanza na ikachomwa moto. Tamasha la Cannes, Ufaransa, lilimpa tuzo ya mwongozaji bora 1982, na picha ile ya meli kilimani haisahauliki. Hata hivyo ninapowaonyesha vijana filamu hii, huwaomba watazame pia Burden of Dreams ya Les Blank, iliyorekodi kazi hiyo ikiendelea, ili waone ile picha moja iligharimu nini kwa watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye bango.

Anayeifuata njia ya Herzog anahitaji mwili wenye afya, moyo wa kulala popote, na mtu mmoja mwaminifu wa hesabu. Kwake yeye mtu huyo ni Lucki Stipetić, ndugu yake wa upande wa mama, aliyeshika utayarishaji tangu miaka ya 1970. Watu wengi husimulia meli, wachache husimulia Lucki. Mimi naona bila ndugu huyo meli ile isingefika hata mtoni.

Fassbinder: mtu wa watu

Huyu alizaliwa Bad Wörishofen, Bavaria, 1945. Chuo cha filamu cha Berlin kilimkataa mwaka 1966. Akaingia kwenye tamthilia ndogo za Munich, na 1968 akawa na kundi lake, antiteater. Hapo ndipo hesabu yake ilipo. Kundi la jukwaani hukaa pamoja, hufanya mazoezi pamoja, hujuana sauti na udhaifu. Ukilipeleka mbele ya kamera halihitaji miezi mitatu. Katzelmacher ya 1969 ilipigwa kwa siku tisa.

Itazame filamu hiyo kwa makini kama huna pesa. Vijana wa mtaa mmoja wamekaa kwenye uzio mbele ya nyumba, wanasengenya, wanachoshana, mpaka anapofika kibarua kutoka Ugiriki, ambaye Fassbinder anamwigiza mwenyewe. Kamera imesimama. Watu wamepangwa kama picha ya ukutani, na kamera husogea tu wakati wawili wawili wanapotembea kuijia. Umaskini ule haukufichwa. Ukawa ndio sura ya filamu: watu wasiosogea, mtaa usiosogea, chuki inayozunguka palepale. Vijana wetu mara nyingi hukodi droni ili filamu ionekane ya gharama, na pesa ya mwigizaji inaishia angani. Siku tisa za Katzelmacher zingewafaa zaidi.

Filamu hiyo ilipata tuzo za filamu za taifa, na nchini Ujerumani tuzo hizo huja na fedha za kutengenezea kazi inayofuata. Akaizungusha pesa hiyo mara moja. Kati ya 1969 na 1970 alishuti filamu kama kumi hivi. Kabla hajafa alikuwa na kazi zaidi ya 40, za sinema na za runinga, katika miaka kumi na mitatu. Alihariri nyingine kwa jina la bandia, Franz Walsch. Mama yake mzazi aliigiza ndani yake. Irm Hermann aliacha kazi ya ukatibu akawa mwigizaji wake. Peer Raben aliandika muziki. Michael Ballhaus alimpigia picha filamu zaidi ya kumi kabla ya kwenda Marekani kufanya kazi na wakubwa wa Hollywood.

Kazi ambayo ningemwonyesha kila mtu ni Angst essen Seele auf ya 1974, ambayo kwa Kiswahili ingekuwa Woga Hula Roho. Emmi, mjane wa miaka sitini hivi anayefanya usafi majumbani, anaingia baa kukwepa mvua na kucheza dansi na Ali, kibarua kutoka Morocco. Wanaoana. Watoto wanamkana, majirani wanalalamikia uchafu wa ngazi, mwenye duka anakataa kumuuzia Ali. Kichwa cha filamu ni maneno ya Ali mwenyewe katika Kijerumani chake cha kubahatisha. Ilipigwa kwa takriban wiki mbili, vyumba vichache, baa moja, ngazi moja. Yeyote kati yetu aliyeishi ughaibuni, au mwenye shangazi aliye huko, atamtambua kila mtu kwenye ngazi ile.

Bei ya njia hii ililipwa na watu, kwa hiyo siwezi kuipita haraka. Fassbinder aliwapenda waliomzunguka na akawaumiza. Aligawa nafasi kama anayegawa mapenzi, akamnyima huyu leo ili ampendelee yule kesho. Mwigizaji wake Hanna Schygulla alijitenga naye baada ya Effi Briest, 1974, na hakurudi kwa miaka kadhaa. Aliporudi wakatengeneza Die Ehe der Maria Braun, iliyowapa wote wawili jina duniani. El Hedi ben Salem, yule Ali, alikufa gerezani Ufaransa mwaka 1977. Fassbinder mwenyewe alikutwa amekufa tarehe 10 Juni 1982, kwa kokeini na dawa za usingizi, akiwa na miaka 37, miezi michache baada ya Die Sehnsucht der Veronika Voss kupata Dubu wa Dhahabu mjini Berlin. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amemaliza Berlin Alexanderplatz, ya runinga, zaidi ya saa 15. Mwili wa mtu mmoja haukuumbwa kwa mwendo huo.

Kundi ni mtaji mkubwa kuliko kamera, na kundi lake lilithibitisha. Ila kundi lisilo na mkataba, ambamo kazi, kitanda na pesa viko mkononi mwa mtu mmoja, litaungua. Nimeona makundi madogo ya filamu yakivunjika hivyohivyo, bila hata filamu moja ya kuonyesha.

Wenders: mtu wa njia ndefu

Wenders ndiye pekee aliyepita chuo cha filamu. Alizaliwa Düsseldorf 1945, akajaribu udaktari na falsafa, kisha akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha filamu cha Munich kilichofunguliwa 1967. Mwaka 1971 alikuwa kati ya waanzilishi wa Filmverlag der Autoren, ushirika wa waongozaji waliotaka kutayarisha na kusambaza kazi zao wenyewe. Wazo lilikuwa zuri mno: kama msambazaji hatuchukui, tuwe wasambazaji. Lakini ushirika uliishiwa pesa, na 1977 mchapishaji wa gazeti la Der Spiegel, Rudolf Augstein, akanunua hisa nyingi.

Im Lauf der Zeit ya 1976 inaonyesha njia yake vizuri kuliko nyingine yoyote. Wanaume wawili ndani ya lori wanafuata mpaka wa Ujerumani mbili, mmoja akitengeneza projekta za majumba ya sinema vijijini, majumba yanayokufa moja baada ya jingine. Walianza kushuti bila mswada kamili. Walijua njia, miji na majumba ya sinema, mengine yaliandikwa safarini. Mpigapicha alikuwa Robby Müller, picha nyeusi na nyeupe, karibu saa tatu. Wenders hategemei nguvu za mwili kama Herzog wala moto wa kundi kama Fassbinder. Anategemea muda, na mpigapicha mmoja anayemwelewa bila maneno.

Kisha akaitwa Marekani. Mwongozaji maarufu wa huko, Francis Ford Coppola, alimtaka aongoze filamu ya Hammett, na kazi hiyo ilimla kuanzia 1978 hadi 1982, mswada ukiandikwa na kuandikwa tena, sehemu kubwa ikipigwa upya. Huko kauli ya mwisho haikuwa yake. Kazi iliposimama alienda Ureno akatengeneza Der Stand der Dinge, kuhusu kikosi cha filamu kilichoishiwa mikanda ya kamera na kukwama ufukweni wakimngoja mtayarishaji aliyepotea. Ilipata Simba wa Dhahabu mjini Venice, 1982. Paris, Texas ikafuata na Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, ya 1984. Somo ninalolichukua hapo ni dogo na la vitendo: kazi kubwa ya mwingine ikikusimamisha, tengeneza ndogo yako palepale, na kisa kiwe hicho cha kusimamishwa.

Nani anashika nakala mama

Wanaoanza hawaliulizi hili, na ningependa waliulize kwanza.

Wenders alikuwa na kampuni, Road Movies, na biashara yake ilipoanguka, haki za filamu zake zikatoka mikononi mwake. Fikiria umetengeneza Der Himmel über Berlin, dunia nzima inaijua, na huna ruhusa ya kuionyesha. Mwaka 2012 yeye na mkewe Donata walianzisha wakfu mjini Düsseldorf, ukazikusanya tena haki hizo na kuzisafisha nakala moja baada ya nyingine. Sasa filamu ni mali ya wakfu. Hakuna anayeweza kuziuza, hata yeye.

Upande wa Fassbinder, mama yake alianzisha wakfu mwaka 1986, miaka minne baada ya mwanawe kuondoka, na baadaye mhariri wake Juliane Lorenz akaushika. Kazi ile iliokolewa na wanawake wawili waliobaki. Herzog, kwa kuwa aliandikisha kampuni mapema na kumweka ndugu yake langoni, hakuwa na haja ya kuokolewa. Kwa kipimo hiki anawashinda wenzake kwa mbali.

Huku kwetu kampuni huandikishwa mwishoni, pale tamasha au mfadhili anapodai hati, na mara nyingi kwa jina la yule mwenye kamera. Andika mapema, hata ukurasa mmoja: filamu ni ya nani, asilimia ngapi kwa nani, nani anatunza diski mbili zenye nakala mama na ziko nyumba gani.

Basi uchague nani?

Kama uko peke yako, una afya, na kuna hadithi mahali fulani ambayo hakuna mwingine atakayeifuata, mfuate Herzog, hasa filamu zake za hali halisi. Grizzly Man ya 2005 imejengwa kwa sehemu kubwa kutokana na picha alizopiga mtu mwingine, marehemu. Kilichobaki ni sauti ya Herzog na meza ya uhariri. Hiyo inawezekana hata kwa mwenye kompyuta moja.

Kama una watu watano wanaoigiza, kanisani, shuleni au kwenye jukwaa la mtaa, usiwaache kwa ajili ya ndoto ya kusafiri. Mfuate Fassbinder wa 1969 hadi 1974: chumba, ngazi, uzio, siku tisa. Chukua utaratibu wake wa kazi, uache namna alivyoishi na wenzake. Kwa wengi ninaokutana nao hili ndilo jibu langu, na silitoi kwa kusitasita.

Wenders ni wa mwenye subira na kazi nyingine inayomlisha, anayeweza kungoja miaka mitatu na kutengeneza moja. Mwaka 2023, karibu na umri wa miaka 78, alitoa Perfect Days, kuhusu msafisha vyoo wa umma mjini Tokyo, iliyopigwa chini ya wiki tatu. Aliyeanza taratibu aliishia kuwa na kasi, kwa sababu alijua nini cha kuacha.

Kabla ya kuwaiga hao, mtazame pia Ulrike Ottinger, aliyezaliwa Konstanz mwaka uleule wa Herzog. Aliandika, akaongoza na kushika kamera mwenyewe. Pesa za mifuko na runinga ziliwafikia wanaume wa kizazi kile kwa urahisi kuliko wanawake, na binti anayeanza anastahili kujua kwamba majina matatu niliyoyapanga juu si orodha kamili. Ajue pia kwamba mlango wa Ujerumani hauko mbali sana: mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann walianzisha mradi wa One Fine Day uliofanya kazi na waongozaji wa Nairobi, na humo zimetoka Soul Boy ya Hawa Essuman, Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga na Supa Modo ya Likarion Wainaina.

Anza usiku huu na Angst essen Seele auf, dakika 93. Mara ya kwanza itazame kama mtazamaji. Mara ya pili shika daftari na uhesabu: vyumba vingapi, waigizaji wangapi, kamera imesogea mara ngapi, na ni matukio mangapi ungeweza kuyapiga ndani ya nyumba unayoishi sasa.